Safu ya nne kwenye kaunta buku ya Mjomba

Mwaka 2015 mfungo ulianguka katikati ya Juni, na siku ya pili au ya tatu ya Ramadhani Mjomba aliingia dukani kwangu kununua kaunta buku. Alitaka ya kwaya mbili, jalada gumu. Nikamuuliza ya nini, maana tangu astaafu reli sikuwahi kumwona akiandika kitu kirefu kuliko orodha ya sokoni.

"Ya hawa waliochukua fomu," akasema. "Kichwa changu hakiwatoshi tena."

Hakuwa anatania. CCM ilifungua dirisha la kuomba kuteuliwa kugombea urais tarehe 3 Juni, na lilipofungwa tarehe 2 Julai waliochukua fomu walikuwa 42. Waliorudisha 38. Fomu moja ilikuwa shilingi milioni moja. Humo alikuwamo makamu wa rais aliye madarakani, waziri mkuu aliye madarakani na wawili waliomtangulia, jaji mkuu mstaafu, mabalozi, mawaziri wengi, mtoto wa Mwalimu Nyerere, mtoto wa Mzee Karume, na watu wengine ambao nahisi hata majirani zao walishtuka kusikia majina yao kwenye taarifa ya habari.

Duka langu ni steshenari, Ngamiani hapa Tanga, kwenye hizi barabara zetu za namba ambazo mgeni akielekezwa mara moja hapotei tena. Fotokopi, kalamu, bahasha, madaftari ya shule, na siku hizi kuchapa vyeti vya kuzaliwa. Mbele yangu kuna mwarobaini, chini yake benchi mbili, na hapo ndipo baraza. Mimi ni mwanamke, benchi lile si pangu, ila kutoka mlangoni mwangu hadi pale ni hatua nne na masikio yangu ni mazima. Wanajua nasikia. Wakitaka nisisikie hushusha sauti, na wakishusha sauti ndipo nasikia vizuri zaidi.

Wakati ule baraza lilikuwa na watu wake wa kudumu: Mjomba, mwalimu mstaafu wa sekondari, fundi baiskeli, dereva wa daladala za Horohoro, na muuza kahawa mwenye dele lake na vikombe vyake vinavyogongana kila akipiga hatua. Kwa kuwa ulikuwa mfungo, kikao kilianza baada ya tarawehe na kikaenda hadi karibu na daku. Nami nilikuwa nachelewa kufunga, nikijidai nahesabu mauzo.

Wiki moja hivi kabla ya mfungo kulitokea jambo dogo lililonifundisha zaidi ya hotuba zote. Kila mtia nia alitakiwa awe na wadhamini wasiopungua 450 kutoka mikoa 15, mitatu katika hiyo ya Zanzibar. Kwa hiyo mikoani kulikuwa na pilikapilika za wapambe wakikusanya majina, namba za kadi na saini. Akaja kwangu kijana mmoja, mpambe wa mtia nia ambaye sitamtaja, na bunda la karatasi za kutoa nakala. Kwa hesabu ya mikoa 15, mkoa mmoja unatosheka na watu 30. Yeye alikuwa na mamia. Nikawa naweka karatasi kwenye mashine, moja baada ya nyingine, na mwanga wa kijani ukipita chini ya kioo. Karatasi ya nne nikaona mwandiko haubadiliki. Biro ileile, herufi "g" ileile yenye mkia mrefu, saini zimelala upande mmoja kama mpunga uliopigwa na upepo. Na katikati ya ukurasa, jina la fundi baiskeli wetu.

Kijana alipoondoka nikamwita fundi. "Wewe umemdhamini huyu bwana?"

Akafuta mikono kwa tambara. "Mimi nimekunywa soda, bibie. Walisema andika jina, nikasema andikeni nyie, mikono ina grisi."

Nilimsimulia Mjomba. Hakucheka. Nadhani kaunta buku ilianzia pale.

Alichora safu nne kwa rula. Ya kwanza jina. Ya pili kazi yake inayoonekana kwa macho. Wadhifa haukuhesabika, akasema waziri si kazi, waziri ni kiti. Ya tatu watakaomkataa. Ya nne, ambayo ndiyo iliyozua ubishi wa mwezi mzima, aliiandika kwa herufi kubwa: ANADAIWA NA NANI.

Mjomba alikuwa karani wa stoo reli. Maisha yake yote alikaa na funguo, na watu waliozitaka. Aliamini kwamba mtu akija kuomba funguo za stoo usipoteze muda kumwangalia usoni wala kusikiliza ufasaha wake. Uliza nani amemlipia nauli ya kuja. Huyo ndiye atakayekuja usiku na lori.

Mwalimu alimpinga. Kwake siasa haiwezekani bila deni: hata nabii alihitaji wa kumpokea Madina, alisema, na wenzake wakamtaka aombe radhi kwa mfano ule. Hoja yake lakini ilikuwa nzito. Mtu asiyejenga mtandao atapataje wajumbe? Mkutano Mkuu wa chama, unaompitisha mgombea, ni watu zaidi ya elfu mbili wanaotoka Kagera mpaka Mtwara na Pemba. Wanafikiwa kwa miguu, kwa simu na kwa nauli, na vyote vitatu vina mwenyewe.

Mjomba alikuwa na kumbukumbu ya 1995 kichwani kama ratiba ya treni. Alikuwa anaitoa kila baraza likizidiwa na uhakika. Mwaka ule, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, kwenye mchujo wa CCM walibaki watatu Dodoma: Jakaya Kikwete, Benjamin Mkapa na Cleopa Msuya. Duru ya kwanza Kikwete akaongoza kwa kura 534, Mkapa 459, Msuya 336. Hakuna aliyevuka nusu, wakarudia wawili wa juu, na Mkapa akashinda kwa 686 dhidi ya 639. Tofauti ya kura 47. "Watu 47," Mjomba alikuwa akisema, "hawajazi behewa moja la daraja la tatu. Na hao ndio waliotuchagulia rais wa miaka kumi."

Kikwete, mtoto wa Msoga, wakati huo ikiwa wilaya ya Bagamoyo, akangoja miaka kumi. Mwaka 2005 akarudi Dodoma, ukumbi wa Chimwaga, na kupata kura 1,072, Salim Ahmed Salim 476, Mark Mwandosya 122. Baraza letu lina donda na uchaguzi ule, na nitalisema upesi nipite: Salim alichafuliwa kwa asili yake, akaitwa majina. Katika mji huu ambao ukimkuna mtu kidogo unakuta babu aliyeshuka na jahazi kutoka Hadhramaut, maneno yale hayakutua kwa Salim peke yake. Mtu aliyewahi kuongoza Umoja wa Nchi Huru za Afrika kwa miaka 12 anaambiwa si mwenzetu! Mjomba alikuwa na sentensi moja juu ya jambo hilo, nayo haichapiki.

Basi 2015. Majina 38 hayawezi kupimwa yote, na kusema kweli baraza halikujaribu. Mengi yalipata mstari mmoja kwenye kaunta buku na safu tatu tupu. Ubishi ulikuwa juu ya wanne.

Edward Lowassa alijaza ukurasa mzima. Safu yake ya pili haikuwa na ubahili: shule za kata, maji ya Ziwa Victoria yaliyofika Shinyanga na Kahama, na ule ukali wa waziri mkuu anayetaka jibu leo. Mwalimu alikuwa wake, tena waziwazi, kwa sababu ya zile shule. Safu ya tatu kulikuwa na Februari 2008, alipojiuzulu kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond baada ya ripoti ya kamati ya Bunge, na yeye siku zote akisema hana kosa. Ila safu ya nne ndiyo iliyomwangusha kwa Mjomba. Kabla hata ya dirisha kufunguliwa, makundi ya watu yalikuwa yakienda nyumbani kwake kumwomba agombee na kumchangia pesa ya fomu. Tarehe 30 Mei alifungua "safari ya matumaini" Arusha, uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na tukaona kwenye televisheni umati ule. Mwalimu akaona mapenzi. Mjomba akaona foleni ya wadai. "Fomu milioni moja, na yeye si fukara. Anayemchangia mwenye nacho ananunua kitu." Akaandika mpaka mstari ukaisha, akageuza daftari akaandika kwa wima pembeni.

Bernard Membe alikuwa waziri wa mambo ya nje tangu 2007. Mtu wa kusini, Lindi, na baraza lilimpenda kwa lafudhi. Lakini mambo ya nje hayafiki Ngamiani, safu ya pili ikabaki na maneno matatu. Na baraza liliamini, kwa haki au kwa uzushi, kwamba huyo ndiye chaguo la Kikwete, rais anayeondoka. Safu ya nne ikaandikwa kwa kifupi na kupigiwa mstari.

January Makamba alikuwa wangu. Nilikuwa natamani kusema nilimpima, ila ukweli nilimpenda kwanza na kumpima baadaye. Mbunge wa Bumbuli, mkoa wetu, miaka 41, alikuwa ameipita miaka 40 inayotakiwa na Katiba kama mtu anayedandia daladala ikiondoka. Alizungumza juu ya ajira na vijana kwa namna iliyonifanya nihisi hata steshenari yangu ipo kwenye hesabu ya nchi. Baraza lilikuwa na neno moja kwake: mtu wetu. Bumbuli iko juu milimani Usambara, hali ya hewa nyingine, lugha nyingine, wengi wa pale benchi hawakuwahi kuikanyaga, lakini ilipofika kugawana urais ghafla sote tukawa Wasambaa. Mjomba pekee ndiye hakuguswa. Kijana alikuwa ametangaza nia Julai 2014 akiwa London, na hilo halikumtoka Mjomba mpaka leo. "Mtoto wa Bumbuli anakwenda kutangazia London! Soni hakuna kipaza sauti?" Safu ya nne akaandika: baba (maana Mzee Yusuf Makamba alikuwa Katibu Mkuu wa chama), na Ikulu aliyoifanyia kazi, na alama ya kuuliza.

Nilikasirika. Nilimwambia kila mtu ana baba.

"Ndiyo mwanangu. Lakini si kila baba ana simu za makatibu wa mikoa."

Mwingine ni John Magufuli, na hapa nataka niwe mkweli, kwa sababu siku hizi kila mtu anadai alimwona tangu mwanzo. Baraza letu halikumwona. Alichukua fomu tarehe 5 Juni, akakataa mazungumzo marefu na waandishi, akazunguka kutafuta wadhamini kimyakimya. Aliyeleta jina lake ni dereva wa Horohoro. Dereva yule kwa miaka alikuwa akirudi jioni na vumbi mpaka kwenye kope, anakohoa njia nzima. Kisha ikaja lami, kilomita 65 kutoka Tanga hadi mpakani, kwa fedha za msaada wa Marekani, chini ya wizara ya ujenzi. Dereva hakujali fedha zilitoka wapi. Alijua waziri anayetaja urefu wa barabara kwa kichwa, kilomita kwa kilomita, bila karatasi. "Huyu anaijua njia yangu kuliko mimi," alisema. Nikamkumbusha kwamba ya Pangani bado ni mashimo na vumbi mpaka Saadani. Akanijibu kwamba ya Pangani imeahidiwa na kila aliyepanda jukwaa tangu yeye yuko turnboi, haihesabiki.

Mjomba akachora mstari wake. Safu ya pili: barabara, meli iliyokamatwa ikivua samaki wetu. Safu ya tatu: wakandarasi. Ya nne akakaa na kalamu. Akauliza baraza. Nani amemchangia? Kundi gani? Februari 2014 chama kiliwapa onyo na kuwafungia sita kwa kuanza kampeni mapema, Lowassa, Sumaye, Membe, Makamba, Wasira na Ngeleja, na yeye hakuwamo. Hakuna aliyekuwa na jibu. Mjomba akaweka kistari kifupi, kama tunavyoweka kwenye fomu mahali pasipotuhusu. Nilikiona kwa macho yangu. Kwenye daftari zima, katika majina yaliyopewa uzito, ndicho kistari pekee.

Na wanawake? Nilisubiri usiku tatu nione wakitajwa. Balozi Amina Salum Ali, aliyewahi kuwa waziri wa fedha Zanzibar na balozi wa Umoja wa Afrika Marekani. Dk. Asha-Rose Migiro, Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kwa miaka mitano. Baraza liliwapa mstari mmoja kila mmoja, na fundi baiskeli, ambaye mwandiko wake hata si wake, akasema hao ni wasindikizaji. Nikatoka dukani nikiwa nimeshika rula ya futi moja. Nikawauliza: mtu akitoka Umoja wa Mataifa safu yake ya pili ni tupu, na aliyeweka lami ya Mmarekani safu yake imejaa? Mjomba akasema nina haki, akaongeza maneno mawili matatu. Lakini aliongeza kwa adabu ya mtu anayemwongezea mgeni wali.

Ijumaa tarehe 10 Julai Kamati Kuu ya chama ilikaa Dodoma kuchuja majina yabaki matano. Huku ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani, wengine wanatafuta Lailatul Qadr msikitini, wengine wanatafuta tano bora kwenye simu. Nasema hivyo nikijua baadhi yetu tulifanya yote mawili. Orodha za uongo zilimiminika WhatsApp. Nilichapa moja kwa karatasi kwa sababu Mjomba hasomi kwenye kioo, akaitazama, akaniambia, "Hii imeandikwa na yule mwenye 'g' ya mkia." Ilikuwa mbali na ukweli.

Matano yalipotoka yalikuwa Makamba, Magufuli, Membe, Migiro na Amina. Lowassa hakuwamo. Kwake haikuwa mara ya kwanza, jina lake lilikatwa pia 1995. Mwalimu alishusha kikombe chini taratibu, akakiinamisha kahawa imwagike mchangani. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu yenyewe, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walijitokeza hadharani kujitenga na uamuzi ule, na wajumbe wa Halmashauri Kuu walipokutana waliimba mbele ya mwenyekiti wao kwamba wana imani na Lowassa. Mimi hayo yalinipita. Mtu wangu alikuwa kwenye tano. Nilikaanga bagia nyingi kuliko tulizozihitaji.

Siku iliyofuata Halmashauri Kuu ikaacha watatu. Membe nje. Makamba nje. Sitaeleza nilivyojisikia, nilikuwa na umri wa kutosha kutolia kwa sababu ya siasa. Waliobaki: Magufuli na wale "wasindikizaji" wawili. Nikamwangalia fundi baiskeli. Akajitia kukaza nati ambayo haikuwa imelegea.

Tarehe 12 Julai Mkutano Mkuu ukamaliza kazi: Magufuli kura 2,104, Amina 253, Migiro 59. Mjomba akaweka alama ya vema pembeni mwa kile kistari na kwa wiki nzima alitembea kama aliyepiga kura zote 2,104 mwenyewe. Upande wa pili nao haukutupa cha kujivunia: tarehe 28 Julai Lowassa akahamia Chadema, tarehe 4 Agosti akawa mgombea wao chini ya Ukawa, ule umoja wa vyama vya upinzani, bila mchujo wowote wa maana, na Dk. Slaa wa Chadema na Profesa Lipumba wa CUF wakajiweka kando. Waliokuwa wakilalamika kwamba chama fulani humpata mgombea chumbani, wao walimpata sebuleni, ameshakaa. Oktoba Magufuli akapata asilimia 58.46, Lowassa 39.97, na sisi Tanga mjini ubunge tukawapa CUF. Tumezoea. Mji wa waja leo, waondoka leo.

Kwa miaka miwili Mjomba alikuwa mtu wa furaha. Tanga ilipata kitu ambacho "mtu wetu" yeyote angejivunia: Agosti 2017 Magufuli na Museveni waliweka jiwe la msingi Chongoleani la bomba la mafuta kutoka Hoima, kilomita 1,443, linaishia kwenye bahari yetu. Mtu wa Chato ndiye aliyelileta. Na Desemba 2019 treni ya abiria ikarudi kwenye reli ya kaskazini, Dar hadi Moshi, ikipita Korogwe, baada ya zaidi ya miaka ishirini. Mjomba alipanda basi hadi Korogwe kwenda kuiangalia tu ikipita. Alirudi hakuzungumza na mtu mpaka Isha.

Lakini baraza lilikuwa limeanza kupungua maneno kabla ya hapo. Katikati ya 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa. Septemba 2017 Tundu Lissu alipigwa risasi Dodoma mchana kweupe. Mwaka 2018 zikaja kanuni zilizomtaka hata mwenye blogu asajiliwe na kulipa ada ambayo fotokopi zangu za miezi mingi zisingeitosha, nikaifunga niliyokuwa nayo, nikabaki na bahasha na kalamu. Pale benchi watu walizungumza mpira. Simba na Yanga, na Coastal ikicheza Mkwakwani, na mtu akiteleza kutaja jina la mkubwa mwenzake alikohoa. Muuza kahawa alikuwa akipita haraka.

Jioni moja, 2018 ikielekea ukingoni, Mjomba alikuja akaniomba rula. Alifungua kaunta buku ukurasa wa Magufuli, akachora mstari mwingine kulia mwa safu ya nne, pembamba, kwa kuwa nafasi ilikuwa imebaki kidogo. Juu yake akaandika: AKIAMBIWA HAPANA ATAMSIKIA NANI. Akaniambia alikosea hesabu. Alikuwa ameogopa wadai wanaokuja usiku na lori, hakufikiri kwamba mdai ana faida moja: anaweza kugonga mlango na akafunguliwa. Mtu asiyedaiwa hana wa kumgongea.

Nilimwambia amlaumu dereva wa Horohoro. Hakutabasamu.

Hapo ndipo ninapotofautiana naye mpaka leo. Mjomba anaona kosa lilikuwa kwenye safu. Mimi naona sisi hatukuwa tunapima, tulikuwa tunatazama wenzetu wakipima. Huko Marekani mwanachama wa kawaida wa Iowa au New Hampshire anatoka kwake na baridi yake kwenda kusema amtakaye kati ya hao waliojitokeza. Anaweza kukosea, na akikosea kosa ni lake. Fundi baiskeli wetu alitakiwa jina tu, na hata hilo aliandikiwa. Kura za maoni za ubunge 2020 ziliwafanya watu waimbe mtandaoni kwamba wajumbe si watu, na tulicheka sana, lakini ukikaa ukafikiri, mjumbe angalau ana kura. Sisi wa benchini tulikuwa na kahawa.

Urais mwaka huohuo 2020 ndani ya chama fomu ilichukuliwa moja. Membe alikuwa ameshafukuzwa uanachama Februari. Mjomba hakuja kununua daftari.

Machi 2021 Magufuli alipofariki nilitafuta ile kaunta buku. Mjomba alikuwa ameiacha kwangu, juu ya kabati, imeliwa na mende pembeni. Nilipitia majina yote 38 kwa kidole. Samia Suluhu Hassan hayumo. Hakuwa amechukua fomu. Alitajwa mgombea mwenza Dodoma siku ileile ya tarehe 12 Julai, tukiwa tunashangilia na kununa, na nakumbuka dereva aliuliza "nani?" na mwalimu akamjibu ni yule wa Bunge la Katiba, makamu mwenyekiti, kisha mazungumzo yakarudi kwenye kura 2,104. Mwezi mzima tulipima watu 38 kwa safu nne, na aliyekuja kushika nchi alipita kati ya vidole vyetu kwa sentensi mbili. Tena mwanamke. Nilimpelekea fundi baiskeli habari hiyo mwenyewe.

Mikutano ya hadhara ilirudi Januari 2023, na baraza likapata sauti, ingawa sauti ya mtu aliyeugua muda mrefu. Mwalimu alikuwa ameshatangulia. Lowassa wake akafariki Februari 2024.

Januari 2025 chama kiliitisha mkutano mkuu maalumu Dodoma kuziba nafasi ya makamu mwenyekiti. Wakamchagua Wasira, na kabla hawajatawanyika wakaazimia papo hapo kwamba mgombea urais wa Oktoba ni Samia, na Nchimbi mgombea mwenza. Ndiye Nchimbi yule wa usiku wa Kamati Kuu. Mjomba macho yana mtoto wa jicho sasa, haoni vizuri, nami ndiye ninayemsomea habari. Nilimkuta barazani peke yake.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba mwanangu. Dirisha la fomu linafunguliwa lini?"

Nikamwambia halifunguliwi. Imepita kwa azimio.

Alikaa kimya kidogo, kisha akaniambia niilete kaunta buku. Nikafungua ukurasa mpya, nikachora safu, tano safari hii, kwa rula ileile. Akaniamuru niandike jina, nikaandika. Akaniuliza mstari umetimia. Nikasema umetimia.

"Haya. Wa pili."

"Hakuna wa pili, Mjomba."

Akanyoosha mkono akapapasa ukurasa, akaupitisha kutoka juu mpaka chini, polepole, kama anayetafuta mahali wino ulipolowa.